Jina la Ishirini

Aikaeli akikasirika hapigi kelele, anapanga vyombo. Jumamosi ile mchana, katika jiko dogo la ukumbi wa kanisa pale Barking, alikuwa ameshavipanga vikombe vya chai mara tatu, vishikio vyote vikielekea dirishani, na bado hakuridhika. Mkutano wa dharura wa Chama cha Mapambazuko, tawi la London, ulikuwa uanze saa nane kamili. Ilipotimia saa saba na nusu Evodius akaingia, akafunga mlango, akauegemea kama mtu anayezuia upepo.

"Aika."

"Katibu," akamsahihisha bila kugeuka. "Leo mimi ni katibu. Kama una hoja, iandike kwenye karatasi."

"Siku sita hupokei simu yangu."

"Nilikuwa na shift."

"Siku sita zote?"

"Watoto wanaumwa siku zote saba, Evo."

Uongo mtupu. Aikaeli ni nesi wa wodi ya watoto, hilo kweli, lakini wiki ile alikuwa na shift nne tu. Siku mbili zilizobaki alizimaliza kitandani akiitazama simu inavyoita, jina la Evodius likiwaka na kuzimika, na moyo unamuuma kwa hasira na kwa hamu, asijue kipi kinamzidi mwenzake.

Lakini usimlaumu kabla hujajua kilichotokea Jumapili.

Chama cha Mapambazuko kiliingia kwenye uchaguzi wa nyumbani kwa matarumbeta, kikatoka na viti tisa. Tisa! Kundi la WhatsApp la tawi la London lilikaa siku mbili bila hata mtu kutuma salamu ya asubuhi. Siku ya tatu wakaanza kutafuta mchawi. Vijana wakasema mchawi ni mwenyekiti wa tawi, Mzee Samson Ulomi, aliyekalia kiti miaka kumi na minne na kuwahakikishia makao makuu kwamba London ina wanachama mia nne, wakati walio hai kwenye daftari ni sitini. Mwenyekiti naye akasema wachawi ni vijana, wanaopigania nchi kwa kidole gumba. Na mwenye daftari hilo, katibu wa tawi, ni Aikaeli, binti wa mwenyekiti. Na kijana aliyezunguka kukusanya saini za kumwondoa mwenyekiti ni Evodius, fundi wa lifti, ambaye barua yake ya posa kwa Aikaeli ilikuwa imelala wiki tatu kwenye droo ya Mzee Samson ikisubiri majibu. Mambo ya chama hayo, na mambo ya moyo, yote ndani ya nyumba moja.

Katiba ya tawi, aliyoiandika Mzee Samson mwenyewe alipokuwa na nywele, inataka barua ya kutokuwa na imani isainiwe na theluthi ya wanachama, yaani watu ishirini, na mwenyekiti aipokee kutoka mkononi mwa mwanachama mzee. Simu hapana, posta hapana. Saini Evodius alizipata ishirini kamili, yake ikiwa ya kwanza. Mzee alimpata mmoja tu, Mzee Rweyongeza, dereva wa basi mstaafu. Mzee huyohuyo ndiye mshenga wake.

Sasa Mzee Rweyongeza magoti yanamsumbua, na kutoka Barking hadi Rayners Lane, anakoishi Mzee Samson, ni zaidi ya saa nzima ya treni. Akapiga hesabu zake. Jumapili nakwenda kuchukua majibu ya posa, basi nitapitisha na hii. Safari moja, mambo mawili.

Nyumbani kwa kina Aikaeli, mama yake, Mama Valeria, alikuwa ameivisha machalari, ndizi kwa nyama, sufuria mbili. Shangazi katoka Reading, baba mdogo katoka Leicester. Aikaeli kavaa kitenge kipya, kajifungia chumbani kama inavyotakiwa, sikio kalibana mlangoni. Mshenga akapokewa kwa vigelegele. Akanywa maji, akakohoa, akasema, "Nina mambo mawili. Nianze na lililo fupi." Akatoa bahasha. Mzee Samson akadhani mkwe ameongeza neno la heshima, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima: "Sisi wanachama tuliosaini hapa chini hatuna tena imani na uongozi wako..."

Aliisoma mpaka saini ya kwanza. Kisha akaikunja taratibu, akauliza kwa upole, "Na la pili?"

Mzee Rweyongeza akasema la pili linaweza kusubiri.

"Mimi nilimwambia amfikishie kabla ya Jumatatu, basi," Evodius alikuwa akisema sasa, pale jikoni. "Sikujua ataichomeka kwenye posa. Nani angejua, Aika?"

"Mtu yeyote mwenye akili timamu. Ulimpa mshenga wako!"

"Ndiye mzee pekee wa chama ninayemjua London nzima. Ulitaka nimpe nani? Kailash mwenye duka la Kingsbury, asiye hata mwanachama?"

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

"Wenzangu walitaka tummalize kwa WhatsApp. Mimi nikakataa. Nikasema mtu mzima anapelekewa barua na mtu mzima. Nilitaka kumheshimu baba yako."

Aikaeli akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu Jumapili, na alijuta papo hapo, kwa sababu Evodius alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile la bluu alilomnunulia mwenyewe, kola haijapigwa pasi vizuri.

"Ulimheshimu," akasema, "mpaka mama yangu akaenda bafuni kufungulia bomba, ili wageni wasimsikie akilia."

Evodius akainamisha kichwa. Birika kubwa la umeme likaanza kunguruma.

"Nisamehe," akasema. "Kwa mama, na kwako. Lakini kitu kimoja nijibu, halafu nitaondoka. Wewe unaamini mzee abaki?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Daftari naandika mimi, Evo! Najua tuko wangapi. Nimemwambia baba apumzike mara tatu. Mara ya tatu hakunisemesha wiki nzima, chumvi anaomba kupitia kwa mama." Akakigeuza kishikio cha kikombe kimoja. "Naamini aondoke. Haya, umeridhika? Ila ni baba yangu. Nilitaka aondoke kwa miguu yake, siyo kwa kusukumwa."

Evodius akasogea. Hakumgusa mkono, aligusa ncha ya mkono wa blauzi yake tu, akaishika kwa vidole viwili. Aikaeli alipaswa kuuchomoa. Hakuuchomoa. Wakasimama hivyo, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi yake kwenye nywele, na hasira yote ya siku sita ikaanza kumwishia bila ruhusa yake.

Mlango ukafunguliwa.

Mzee Samson alikuwa amevaa suti nyeusi ya mistari, ile ya harusi na misiba, beji ya chama kifuani. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akautazama mkono wa blauzi. Evodius akauachia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akajibu mzee. "Vizuri nimewakuta wote. Aikaeli, usitoke."

Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa barua ya posa. Aikaeli aliitambua kwa ile bahasha ya rangi ya maziwa.

"Wiki ya nne hii ninayo," Mzee Samson akasema. "Shangazi yake anataka nikurudishie leo, mbele ya watu, na wewe uonje. Mimi sina roho hiyo. Nakupa njia ya kutokea."

"Nakusikiliza, Mzee."

"Saini zenu ziko ishirini. Katiba inaruhusu mtu kulifuta jina lake kabla katibu hajamaliza kuisoma barua mkutanoni. Futa lako, zitabaki kumi na tisa. Barua imekufa, tunakunywa chai, tunarudi makwetu. Kesho nampigia Mzee Rweyongeza, namwambia familia imekubali."

"Na nisipofuta?"

"Utatoka hapa na barua yako."

"Baba!" Aikaeli akasema. "Unanifanyia nini?"

"Sijaongea na wewe, mama. Naongea na mwanamume aliyesema anakutaka."

Evodius akamgeukia Aikaeli. Unajua, kuna watu ukiwapa jambo zito wanakuna kichwa, wanatazama dari, wanaomba muda. Yeye alimtazama tu usoni, mara moja, akamrudia mzee.

"Nitafuta."

Hata Mzee Samson mwenyewe alishtuka. Ni wazi alikuja na hotuba ndefu, na sasa hakuwa na pa kuipeleka. Akairudisha bahasha mfukoni, akaipigapiga, akatoka.

Aikaeli akabaki ameshika kikombe. Furaha ilikuwa imempanda kwa kasi, kisha akaiogopa.

"Umefanya nini, Evo?"

"Nimekuchagua wewe."

"Na wale kumi na tisa? Walisaini kwa sababu yako. Bi Faridah aliomba ruhusa kazini ili aje leo."

"Watanisamehe. Wasiponisamehe, basi. Nikikukosa wewe, nani atanirudishia?"

Alisema hivyo akitabasamu, macho yamemjaa maji. Aikaeli alitamani kumkumbatia na alitamani kumrushia kikombe. Kwenye ukumbi viti vilikuwa vikiburuzwa. Saa nane ilikuwa imefika.

Walihudhuria watu arobaini na mmoja, makoti hawakuvua kwa sababu hita ya ukumbi iligoma. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyelalamikiwa, kikao kiliongozwa na Bi Faridah, mkunga kutoka Tanga, mama wa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuibishia. Alipofungua tu, Evodius akasimama.

"Naomba kuondoa jina langu kwenye barua," akasema.

Ukumbi ukalipuka.

"Wewe si ndiye ulinifuata mpaka kazini kwangu nisaini?"

"Umenunuliwa!"

"Kwa shilingi ngapi?"

"Shilingi ya wapi? Kwa mke!" mmoja wa nyuma akapaza sauti, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Evodius hakujitetea. Masikio yalikuwa yamemwiva, mikono kaibana nyuma kama mwanafunzi anayesubiri viboko. Alitembea mpaka meza kuu, akachukua kalamu, akalipiga mstari jina lake. Akiinuka macho yake yakakutana na ya Aikaeli. Hakukuwa na lawama ndani yake, hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Aikaeli kuliko zile kelele zote. Mwanamume huyu anavuliwa nguo mbele za watu, na anamwangalia kana kwamba amepewa zawadi.

"Zimebaki kumi na tisa," Bi Faridah akasema, na uchovu wake ulisikika. "Katibu, isome kwa ajili ya kumbukumbu, kisha tufunge."

Aikaeli akasimama. Akaiweka karatasi mezani. Akasoma. Hatuna tena imani na uongozi wako. Idadi ya wanachama iliyopelekwa makao makuu siyo ya kweli. Tunakushukuru kwa miaka yako, tunaomba upumzike. Kisha majina, la pili, la tatu, la nne. Mbele yake, mstari wa kwanza, baba yake alikuwa anarekebisha tai, taratibu, mtu aliyeshamaliza kazi.

Jina la kumi na tisa likaisha. Akinyamaza hapo, ameshinda kila kitu. Jumapili atavishwa kitenge tena, safari hii ataitwa sebuleni. Baba atabaki na kiti chake, Evodius atabaki naye. Na kila asubuhi ya ndoa hiyo ataamka akijua alipatikana kwa bei gani, na mume aliyemheshimu kwa sababu ya msimamo wake atakuwa ndiye yule waliyemcheka kwa kuuacha. Na mia nne itaendelea kuandikwa pale penye sitini, kwa mwandiko wake yeye.

Akaifungua kalamu, akaandika chini ya la mwisho.

"Ishirini," akasoma. "Aikaeli Samson Ulomi."

Evodius alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

"Katibu," Mzee Samson akasema. "Rudia la mwisho."

"Aikaeli Samson Ulomi."

"Hilo la katikati."

"Samson." Sauti ikavunjika.

"Kanuni hairuhusu..."

"Kifungu cha tisa, baba. Jina linafutwa au linaongezwa kabla barua haijaisha kusomwa. Ulikiandika mwenyewe."

Mzee Samson akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, kana kwamba angeona kitu kingine. Kisha akainuka.

"Msihangaike kupiga kura," akasema. "Nimeambiwa na mtu ninayemwamini."

Beji akaiacha juu ya kiti. Watu walimpisha njia bila kuambiwa, na wale waliokuwa wakipiga kelele zaidi ndio walioangalia chini. Bi Faridah akateuliwa kukaimu kwa mikono iliyonyooshwa bila shangwe. Aikaeli aliandika muhtasari wote kwa mkono uliokufa ganzi, akafunga daftari, akatoka.

Evodius akamkuta koridoni.

"Kwa nini?" Safari hii alikuwa na hasira, hasira ya kweli, na hakuificha. "Nimejidhalilisha mbele ya kila ninayemjua hapa mjini, kwa ajili yako. Nimeambiwa nimenunuliwa. Nikakubali! Halafu wewe ukasimama ukanigeuza mjinga."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka! Wewe na baba mlipatana, mimi nimesimama palepale, hakuna aliyeniuliza chochote. Mlinifunga kwenye karatasi mkapeana."

"Nilidhani unanitaka."

"Nakutaka mpaka naumwa, Evo. Nilitaka nikupate mzima."

Evodius akafumba macho. Alipoyafumbua hasira ilikuwa imepungua, imebaki ile huzuni iliyomkondesha. "Kwa hiyo imekwisha? Barua ameondoka nayo, na baada ya leo hatanipa hata maji."

"Sijui. Kwa kweli sijui. Baba yangu yuko kwenye gari peke yake, nimemwona dirishani, gari halijawashwa. Nipishe nipite."

Evodius akapisha. Alipopita karibu naye harufu ya sabuni yake ikamfikia, na ilibidi aushike ukuta ndipo aendelee kutembea.

"Nakupenda, Aika," akasema nyuma yake.

"Najua. Lingekuwa jepesi kama usingenipenda."

Kwenye gari Mzee Samson hakugeuza shingo. Aikaeli akaingia, akafunga mkanda, akangoja kufukuzwa. Injini ikawaka. Walitoka Barking kimya, wakaingia barabara ya North Circular, na North Circular ilikuwa imeziba kama Jumamosi zote. Mbele yao lori la magodoro halisogei, nyuma mtu anapiga honi bila sababu. Hata redio hakuifungua, yeye ambaye hawezi kuendesha hata hadi dukani bila redio.

"Uliipanga lini saini ile?" akauliza mwishowe, macho kwenye lori.

"Sikuipanga, baba. Nilikuona unarekebisha tai."

"Mm."

Lori likasogea hatua mbili, likasimama.

"Unanichukia?" Aikaeli akauliza.

"Nina hasira na wewe ambayo haijapata kutokea. Usinisemeshe." Kisha, kabla hata hawajafika kwenye taa, yeye mwenyewe akaanza tena. "Yule kijana. Nilipomwambia achague, niliona kama hakufikiri. Au ni macho yangu?"

"Hakufikiri, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Mikono yake kwenye usukani ilionekana mizee ghafla, na Aikaeli alitamani kuishika, akaogopa.

"Nilipogombea mara ya tatu, mama yako aliniomba niache," akasema. "Aliniambia, Samson, kila Jumamosi hupo, nimechoka kukaa peke yangu. Nikamwambia nitafikiri. Miaka minane hiyo, Aika. Hakuuliza tena, na mimi bado nafikiri."

Machozi yalikuwa yameshamfika Aikaeli kidevuni na hakuyafuta.

"Huyo Evodius wako hafai kuwa mwenyekiti wa chama chochote," Mzee Samson akasema. "Mtu mmoja tu anatosha kumwangusha. Chama kikimpata huyo, kimekwisha."

"Sawa, baba."

Taa zikabadilika. Magari yakaanza kwenda, yeye hakwenda, na aliye nyuma akapiga honi tena. Akatoa ile bahasha mfukoni, akaiweka mapajani mwa binti yake bila kumwangalia.

"Ila mkwe, anafaa. Mpigie simu, kabla sijaanza kufikiri."